Wajukuu Ndani ya Chupa ya Chai

Mama Chai alikuwa na mambo mawili duniani ambayo hakuyatilia shaka: kwamba Mungu yupo, na kwamba hakuna chupa inayotunza moto kama zake. La kwanza alifundishwa. La pili alilithibitisha mwenyewe kwa miaka kumi na tisa, akiuza chai kwenye lango la karakana ya magari. Chai aliyoichemsha saa kumi na moja alfajiri, fundi akiinywa saa nne bado alilazimika kuipuliza, na asiyepuliza alirudi chini ya gari lake na ulimi umebabuka.

Chupa zenyewe zilikuwa tano. Nne za mdomo mwembamba, zenye maua ubavuni yaliyofutika kwa kusuguliwa. Ya tano ilikuwa ya bati, kubwa, mdomo wake mpana unaingiza ngumi, na hiyo ilikuwa ya uji. Hiyo hakumwazima mtu hata kwenye msiba.

Jambo la tatu hakulihesabu kuwa ni imani, kwa kuwa aliliona liko wazi kama jua la mchana: mwanawe wa pekee hana kasoro. Basi ikiwa nyumba ya mwanawe ilikuwa imetimiza miaka saba bila sauti ya mtoto, kasoro ilikuwa kwa nani? Hesabu ya darasa la pili. Watu wawili, toa mmoja asiye na kasoro, anabaki nani?

Aliyebaki alikuwa mke, msusi, mwenye saluni ya viti viwili kwenye chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo waliyoishi wote watatu. Watu walimwita Msusi tu, na mama mkwe wake naye akamwita hivyo siku za kawaida. Siku za hasira alimwita "bibi wee." Lakini Msusi hakuwa mke wa kulilia jikoni. Ulimi wake ulikuwa na meno kama kitana.

"Kuku anayekula tu bila kutaga, mwisho wake mchuzi," Mama Chai angesema, amekaa mlangoni pa saluni na kikombe chake.

"Jogoo naye apimwe, Mama," Msusi angejibu, macho yake hayatoki kwenye kichwa cha mteja. "Kuwika si ushahidi."

Wateja walicheka mpaka nywele zikamponyoka Msusi mkononi. Mume wa Msusi, Fundi Friji, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji, akisikia hayo alikumbuka ghafla friji la mtu fulani mtaa wa pili linalovuja, akachukua mkoba wake wa vyuma akatoka. Mwanamume huyo alikuwa na kilo tisini na mbili na aliogopa maneno kama paka anavyoogopa maji.

Miaka saba ilikwenda hivyo. Mwaka wa nane, kwenye kiti cha pili cha saluni, akaketi nesi.

Hakuwa nesi wa wodi. Alikuwa nesi wa utafiti, na huku akisukwa alieleza kazi yake. Hospitali kubwa ilikuwa inatafuta nyumba arobaini zilizokosa mtoto, mke na mume. Wangetibiwa bure: yai la mke litolewe, likutanishwe na mbegu ya mume kwenye kisahani cha kioo, likikubali lirudishwe kwa mwenyewe. Watafiti walitaka kujua kama sindano za dozi ndogo zinakuza mayai sawa na zile za dozi kubwa zinazowavimbisha wanawake tumbo. Nyumba thelathini na tisa zilikuwa zimepatikana. Ilibaki nafasi moja, na orodha ingefungwa Ijumaa saa sita mchana.

Mkono wa Msusi ulisimama katikati ya msuko.

"Ila tunawapima wote wawili," nesi akasema. "Tunaanza na mume."

Mama Chai, aliyekuwa mlangoni pake pa kila siku, akaweka kikombe chini. "Mnaanza na asiye mgonjwa?"

"Mama, kumpima mwanamume ni kikopo na nusu saa. Kumpima mwanamke ni picha, damu, na vyuma. Wewe ungeanza wapi?"

Mama Chai akamuuliza kama anatumia sukari.

Jumatatu Fundi Friji alipelekwa hospitali, mkewe kamshika kiwiko. Akapewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha buluu na kuonyeshwa chumba. Alikaa humo saa nzima akatoka na kikopo kitupu. Baadaye alieleza, baada ya kubanwa sana, kwamba mle ndani mlikuwa na kiti cha plastiki kilichopasuka mguu, kalenda ya chanjo za watoto, na mlango usioshika kitasa, na nje ya mlango mzee mmoja alikohoa mwanzo mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulifanya nini saa nzima?" mkewe akauliza.

"Nilisoma kalenda. Sasa najua chanjo zote."

Nesi akamhurumia. Akaruhusu kazi ifanyikie nyumbani kesho yake asubuhi, kwa masharti: kikopo kisifunguliwe, kifike ndani ya dakika sitini, na kibebwe kwa joto la mwili, yaani ndani ya nguo, kwapani au kifuani. Kisipigwe baridi wala kisipate moto. Msusi aliyarudia masharti hayo nyumbani mara tatu, kwa sababu yeye mwenyewe asubuhi hiyo alitakiwa hospitalini saa moja na nusu kupigwa picha ya kizazi.

"Mimi sitembei na kitu kile barabarani," Fundi akasema. "Watu watanisoma usoni."

"Nipe mimi," Mama Chai akasema. "Nimebeba vyako vyote tangu uko kwenye nepi. Hiki ndicho kitanishinda?"

Jumanne saa mbili na robo mlango wa chumba ulifunguka upana wa kiganja. Mkono ukatokeza na mfuko, ndani ya mfuko mfuko, ndani yake gazeti, ndani ya gazeti kikopo. Mlango ukafungwa bila salamu.

Mama Chai akasimama na mzigo wake jikoni. Aliyakumbuka masharti, hakuwa mtu wa kusahau. Akajaribu kwapani. Kikopo kikateleza, maana asubuhi ile ilikuwa na fukuto na yeye alishapika birika tatu. Akajaribu kifuani, kikazama. Akakitoa akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kilichokuwamo hakikujaza hata kijiko.

"Wajukuu zangu niwasafirishe kwapani," akasema peke yake, "kama gazeti la jana?"

Macho yake yakaenda kwenye rafu, kwenye chupa ya uji.

Yeye alifahamu joto. Nesi alifahamu sindano, msusi nywele, lakini kuhusu kitu kufika na joto lake hakuna aliyemzidi mtaa mzima. Akachemsha maji, akaisuuza chupa kwa maji hayo, akayatikisa, akayamwaga, kama afanyavyo kabla ya kutia uji. Halafu akafikiria dakika thelathini na tano za njia, na kiupepo cha kwenye daraja. Akatia maji tena, vidole viwili tu, yawe nauli ya njiani. Akakisimamisha kikopo ndani ya maji, akakaza kifuniko, akaiweka chupa kwenye kikapu na kuondoka kwa mwendo wa mtu mwenye miadi na mkuu wa mkoa.

Kwenye geti la hospitali ndipo alipokumbuka kwamba watauliza. Akajibanza nyuma ya ukuta wa kibanda cha mlinzi, akafungua chupa. Mvuke ukamgonga usoni. Kikopo kilikuwa cha moto hata akakihamisha mkono huu, mkono ule. Akakifuta kwa mtandio. Halafu, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, akakipuliza.

Kwenye dirisha la maabara palikuwa na foleni ya watu sita. Ilipofika zamu yake kikopo kilishapoa kikawa kama kiganja. Bwana wa maabara, kijana mrefu wa miwani, akakipokea.

"Kimebebwa vipi, Mama?"

"Mwilini."

"Kwapani?"

"Kifuani, mwanangu. Karibu na moyo."

Akaandika hivyo: kifuani. Mama Chai akarudi karakanani, akauza chai, na moyo wake mweupe kabisa.

Jumatano waliitwa wote wawili, wakaenda watatu. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, wa umri ambao Mama Chai alidhani bado wanasoma. Alitazama karatasi, akaiweka, akaichukua tena.

"Mbegu zipo," akasema. "Lakini hakuna hata moja inayotembea. Tukazitia rangi tuone kama zimelala au vipi. Zimekufa. Zote."

Fundi Friji akauliza kwa sauti ndogo, kama anauliza kuhusu ndugu: "Zimekufa lini?"

"Hilo karatasi haisemi."

Mama Chai akaanza kuyasoma mapanga ya feni darini. Yalikuwa matatu. Moja lina vumbi kuliko mengine.

"Utafiti wetu unapokea hata mwenye chache," Daktari akaendelea. "Tunachukua moja iliyo hai, tunaiingiza ndani ya yai kwa sindano nyembamba. Lakini kwa zilizokufa sindano haina la kufanya. Poleni sana."

Walipofika nyumbani, Fundi aliingia chumbani na viatu, akalala amegeukia ukuta. Simu za wateja zililia, mafriji ya watu yakaendelea kuvuja. Msusi alimpelekea chakula akarudi nacho.

"Anasema nitafute mwanamume mzima," akamwambia mama mkwe wake, sahani mkononi. "Anasema yeye ni makaburi."

Mama Chai akajikaza kupokea linalofuata. Miaka saba alikuwa amemlisha mwanamke huyu maneno, na sasa jogoo alikuwa amepimwa, na karatasi ya hospitali ilikuwa imewika. Lilikuwa deni la haki. Akasubiri. Msusi alisimama pale, akamimina chakula kwenye sufuria, akaosha sahani, akaifuta pande zote mbili, akaenda kufunga saluni ingawa ilikuwa saa nane mchana. Ile hali ya kutosema ilimkaa Mama Chai kooni kama mwiba wa samaki.

Alhamisi asubuhi nesi wa utafiti akapita. Hakuketi. Alisema ameongea na wakubwa, na utaratibu ni mmoja: kipimo kinarudiwa tu kama cha kwanza kilibebwa vibaya, na aliyekibeba aandike hivyo kwa mkono wake.

"Lakini fomu inasema kilibebwa kifuani," nesi akasema. "Kwa hiyo hapo pamefungwa. Kesho saa sita nafasi inakwenda kwa wengine. Nimekuja mwenyewe nisikuambie kwa simu."

Msusi akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani kama mgeni wa heri. Mama Chai alibaki mlangoni pa jikoni, na rafuni chupa ya uji inamtazama.

Msimdhanie ubaya. Si kwamba hakujua la kufanya. Tangu Jumatano kwenye lile feni alijua. Lakini aligeuza jambo hili kama mtu anavyogeuza chapati, akaona lina pande mbili na zote zinaungua. Akisema, karakana nzima itajua kwamba Mama Chai kawachemsha wajukuu zake, na mafundi wale hawana adabu, watamuuliza kila asubuhi kama kwenye birika kuna mtu. Hilo angelivumilia. La pili lilimtisha zaidi. Sasa hivi, moyoni mwake, mwanawe bado alikuwa mzima, maana aliyeua alikuwa yeye na maji yake. Akipimwa tena, kwa haki, ikatoka kasoro ya kweli, je? Ile hesabu ya darasa la pili itabidi ifutwe ubao mzima.

Na akinyamaza, mwanawe atakuwa makaburi mpaka siku ya kuingia kwenye makaburi.

Akavua aproni. Akabisha chumbani akaingia kabla ya kujibiwa. Msusi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya kile kisigino kikubwa kilichotoka nje ya shuka.

"Nimewapika," Mama Chai akasema.

Msusi akageuza kichwa.

"Umepika nini, Mama?" Msusi akauliza. "Hajala tangu jana."

"Sikusema nimepika. Nimewapika. Wale wa kwenye kikopo."

Shuka likatikisika. Kichwa cha Fundi kikatokeza. "Mama, umewapika nani?"

"Watoto wako! Niliwatia kwenye chupa ya uji. Na maji ya moto. Kidogo. Vidole viwili."

"Maji ya moto?"

"Mlisema joto!"

"Joto la mwili, Mama!" Msusi akasimama. "Nilisema mara tatu! Mwili wa nani unachemka?"

"Kwapa langu lilikuwa linateleza!"

Fundi Friji akakaa. Nywele zimesimama upande mmoja. Akamtazama mama yake, na midomo yake ikawa inapiga hesabu. "Kwa hiyo hawakufa kwangu."

"Walitoka kwako wazima, baba. Nafikiri. Walifia njiani."

"Ukawapeleka hospitali wamekufa, ukasema ulikuwa nao kifuani."

"Nilisema karibu na moyo. Chupa nilikuwa nimeikumbatia."

Msusi akatoa sauti. Kwanza Mama Chai alidhani analia, akataka kusogea. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko kile cha kukaa sakafuni, ameshika mbavu, machozi yanashuka mpaka kidevuni. "Supu!" akasema, akakosa pumzi. "Bwana wa maabara... ametia rangi... kwenye supu!" Na Fundi, ambaye alikuwa amekunja uso kwa hasira ya haki kabisa, akaanza kutikisika mabega, na kitanda pamoja naye.

Mama Chai alisimama katikati yao, mikono kiunoni. "Chekeni. Mkimaliza mvae viatu kesho alfajiri."

Ijumaa saa mbili walikuwa wa kwanza dirishani. Bwana wa maabara akampa Mama Chai karatasi na kalamu. Aliandika polepole, kwa herufi zake kubwa za shule ya msingi, kila moja imesimama peke yake: *Mimi muuza chai nilikiweka kikopo kwenye chupa yenye maji ya moto vidole viwili. Nilipoulizwa nikasema kifuani. Nilidanganya. Mbegu hazina kosa.* Akatia sahihi.

Kijana akasoma, akasafisha miwani, akasoma tena. "Vidole viwili urefu au upana?"

"Upana."

"Na maji yalikuwa yamechemka, au vuguvugu?"

Mama Chai akajinyoosha. "Mimi siuzi vuguvugu."

Safari hii Fundi hakwenda nyumbani. Alielekezwa chumba kilekile, na Msusi akaingia naye, akaegemeza mgongo wake kwenye ule mlango usioshika kitasa. Mama Chai akakaa kwenye benchi la nje. Baada ya muda kikatoka kicheko cha mwanamke, kikafuatwa na "shhh!" Wagonjwa wakatazamana. Mama Chai akaona ni heri ahamie benchi la ng'ambo, la wagonjwa wa meno, akakaa huko akitazama ukuta kwa heshima zote. Kikopo kilipotoka kilipita hatua kumi na mbili tu mpaka dirishani, kimeshikwa na mwenyewe. Mama Chai aliambiwa akae mbali nacho, akatii.

Saa tano na nusu wakaitwa. Daktari alikuwa na karatasi mpya.

"Wapo hai," akasema.

Fundi Friji akashusha pumzi iliyopeperusha karatasi nyingine mezani.

"Lakini ni wachache. Wachache sana. Na wengi wa hao wachache wanazunguka palepale, hawaendi mbele."

"Alichelewa kutembea," Mama Chai akasema haraka. "Alitambaa mpaka mwaka wa pili. Halafu akaja akatembea vizuri tu."

"Mama," mwanawe akasema.

"Namweleza Daktari!"

Daktari akavumilia. Akageuza karatasi ya pili. Picha za Msusi zilikuwa safi, mayai yake yapo, njia zake ziko wazi. "Kwa jinsi tunavyoona, hii ndiyo iliyowachelewesha miaka yote," akasema, na kidole chake kikagusa karatasi ya kwanza, si ya pili. "Kwa njia ya kawaida ni vigumu. Kwa sindano yetu, mmoja tu anatosha kwa yai moja. Siwaahidi mtoto, sijui. Ila mkijaza dodoso kabla ya saa sita, nafasi ya arobaini ni yenu."

Mama Chai aliitazama ile karatasi ya kwanza, namna kidole kilivyokuwa kimetua. Alitamani kikopo kingekuwa kimechemshwa tena, na mtu mwingine, yeyote. Lakini kilikuwa kimepita hatua kumi na mbili mkononi mwa mwenyewe, na aliziona zote.

Nesi wa utafiti akamchukua Msusi chumba cha pembeni na dodoso lake, kurasa tisa. "Mama, tupishe kidogo. Haya tunauliza faraghani."

"Muache," Msusi akasema. "Miaka saba hajawahi kunipa faragha, ataanza leo?"

Nesi akatazama saa ya ukutani, akaona hakuna muda wa kubishana. Akauliza mbiombio: umri, kazi, magonjwa ya utotoni. Umekunywa dawa gani za miti, na nani alikupa. Mama Chai akakohoa. Ukurasa wa saba nesi akapunguza sauti.

"Kuna mtu wa familia aliyekulaumu au kukutukana kwa sababu ya kukosa mtoto?"

Msusi akachezea ncha ya msuko wake mwenyewe. Mama Chai, ambaye hakuwahi kuona mwanamke huyu akikosa neno, akaona akilitafuta.

"Andika hakuna," Msusi akasema.

Kalamu ikashuka. Mama Chai aliiona ikielekea kwenye kile kisanduku kidogo, na akajua amepewa zawadi. Kuipokea lilikuwa jambo jepesi, ni kukaa kimya tu. Kichwani akaanza kutafuta namna ya kuipokea kwa adabu. Mdomo ukamtangulia.

"Usiandike hakuna. Andika mimi."

"Mama, acha," Msusi akasema. "Wataondoa jina letu."

"Jibu halimwondoi mtu," nesi akasema. "Tunahesabu tu." Akamtazama Mama Chai, halafu Msusi. Msusi akainua mabega. Nesi akahamisha kalamu. "Mara ngapi? Kuna mara chache, mara kwa mara, na kila siku."

"Kila siku."

"Si kila siku, Mama. Ulipougua koo wiki nzima hukusema."

"Nilisema. Sauti ndiyo haikutoka."

Nesi akatia alama. Saa ilikuwa sita kasoro dakika tisa. "Kwa maneno gani? Hapa kuna mistari mitatu ya kuandika maneno yenyewe, kama mtu anayakumbuka."

Msusi akafungua mdomo. Mama Chai akanyoosha kiganja kumzuia, akavuta kiti akakaa mezani, akakunja mikono kama mtu anayetaka kula kiapo.

"Nayakumbuka mimi, niliyatunga. Mistari mitatu haitoshi, binti yangu. Geuza karatasi, nyuma kuna nafasi."

Akaanza na ya mwaka wa kwanza wa ndoa, polepole, neno kwa neno, bila kulipunguza makali hata moja, na pale aliporuka lolote Msusi alimkumbusha.